Walimu Wote Wameridhia

Siku niliyotumwa kwenda kung'oa kumbukumbu za Msikizi katika Shule ya Msingi Ihanga, Ditriki Sanga alikuwa ameshazikwa siku tisa. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Gogo la msonobari lilimviringikia katika kambi ya Mkondo wa Tatu, wiki ya tano tangu apelekwe. Msikizi ndiye aliyempangia huko. Mimi ndiye niliyemfunga Msikizi kwenye dari la darasa lake.

Nilifika somo la hesabu likiendelea. Fundi haruhusiwi kukatiza somo, kwa hiyo nilisimama mlangoni na sanduku langu la vifaa, ukungu ukiniingia mgongoni. Darasa la sita lilikuwa na watoto thelathini na wanane. Kila dawati lilikuwa na kioo juu yake, na darini lilining'inia lile boksi jeusi refu lenye matundu, ambalo watoto waliliita Shangazi kwa sababu lina sauti ya kike na halichoki kusema.

"Tunatafuta asili iliyo sawa," Msikizi alisema. "Kisha tunajumlisha kiasi peke yake. Mmeelewa?"

"Ndiyooo," wakaitika wote kwa pamoja, kama wanaimba.

"Vizuri sana. Tuendelee."

Nyuma kabisa, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Mwalimu Yusta Tweve, mikono ameificha ndani ya kitenge kwa baridi. Ana miaka hamsini na nane, thelathini na nne kati ya hiyo amesimama mbele ya darasa. Nilimwona anamtazama msichana wa mstari wa tatu, ambaye badala ya kujumlisha alikuwa anachora mbuzi pembeni ya daftari. Mwalimu alifungua mdomo. Akainua macho kwenye ile taa ndogo nyekundu ya darini, akaufunga.

Ile taa ni ya walimu. Mwalimu akisema neno wakati wa somo, Msikizi husimama, taa huwaka, na tukio huandikwa kama kizuizi. Mwalimu wa kawaida ana vizuizi viwili au vitatu kwa mwaka, vingi vyake ni kikohozi. Mwalimu Tweve alikuwa navyo mia moja na kumi na viwili, na ndivyo nilivyotumwa kuvichukua. Jumatano ya wiki iliyofuata angesimama mbele ya tume ya wilaya kujibu kwa nini alimvuruga Msikizi mpaka mtoto akapangiwa mahali pasipomfaa akafa. Akikutwa na hatia, anapoteza kazi na kiinua mgongo, na kesi inaenda mahakamani.

Watoto walipotoka kwenda kunywa uji nilipanda juu ya meza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi. Umekuja kuchukua maneno yangu?"

"Nimekuja kuchukua kumbukumbu tu."

"Ndiyo hayo hayo." Alisogea akanishikia meza isicheze. "Usianguke. Ukianguka wataandika nimekusukuma."

Nilifungua skrubu ya kwanza. Yeye akaendelea kusema kule chini, taratibu, kama mtu anayeongea na kuku wake.

"Mia na kumi na mbili. Unajua nilikuwa nasema nini? Nilikuwa nataja jina la mtoto mmoja na kumuuliza, hiyo tatu umeitoa wapi. Basi. Ditriki peke yake nilimuuliza mara kumi na tisa. Hakujua kugawanya, fundi. Alijua kuitikia."

"Mwalimu, ungenyamaza tu kama wenzako."

"Wenzangu wamenyamaza. Watoto wao wako wapi?"

Nilijua walipo. Msikizi hufundisha miaka mitatu, kuanzia darasa la nne. Kila hatua anauliza kama wameelewa, na sikio lake linaweza kutenganisha koo la kila mtoto kati ya hamsini. Akisikia ndiyo, anaweka alama kwa kila koo na kusonga mbele. Mwisho wa darasa la sita anawajaribu mmoja mmoja, kimya kimya, kwenye kioo. Aliyejibu vizuri anakwenda Mkondo wa Kwanza, anayeyumba wa Pili. Anayeshindwa, Msikizi hutazama nyuma, anakuta ndiyo zake elfu mbili, na kuandika maneno matatu: ameelezwa, amekiri, ameshindwa. Kwa hesabu za mashine, mtoto wa namna hiyo hafundishiki. Anapelekwa Mkondo wa Tatu, mashamba ya miti. Darasa la Ditriki walikuwa arobaini na wanne. Ishirini na tisa walipanda lori.

"Na wewe Jumatano umeitwa?" Mwalimu aliuliza.

"Nimeitwa kuthibitisha karatasi."

"Ile yenye sahihi zetu."

"Ndiyo hiyo."

"Mimi nimewaambia hatukuridhia. Wananionyesha jina langu, la tatu kutoka juu." Aliiachia meza, akarudi nyuma ili nione uso wake. "Wewe ndiye uliyekuwa unaandika siku ile. Nilikuona kwa macho yangu unaandika."

Nilichomoa kumbukumbu, kitu kidogo kama punje ya hindi, nikakiweka mfukoni. Nikashuka. Nikamwambia naenda, ukungu unazidi.

*

Siku ile aliyoitaja ilikuwa miaka minne nyuma, katika ukumbi wa kata. Walikuja walimu kumi na wanne kutoka shule tatu, kuwakilisha wilaya nzima. Bwana Mhagama, afisa wa mradi, alifika na gari lisilo na dereva, kreti mbili za soda na beseni la chapati. Yeye si mtu mbaya. Ni mtu mwenye haraka.

Kama ilivyo kwenye semina yoyote, karatasi ya mahudhurio ilianza kuzunguka kabla hata watu hawajakaa. Jina, shule, namba ya simu, sahihi. Hakuna anayesoma kilichoandikwa juu. Unasaini, unampa jirani, unachukua soda. Tumesaini hivyo maisha yetu yote, na mimi ndiye niliyekuwa naizungusha.

Katibu aliyetakiwa kuandika maoni hakutokea. Mhagama akatazama huku na huku, akanipa kalamu.

"Fundi Chaula, shika hapa. Andika hoja zao, kwa kifupi."

Niseme ukweli. Mimi niliishia darasa la tano. Baba alinitoa shule nikapasue mbao, na nyaya nilijifunza baadaye kwa kupigwa na umeme. Mchoro wa mitambo nausoma kuliko mtu mwenye shahada, lakini kuandika mtu akiwa anasema sikuwahi kuweza. Mkono wangu unakwenda kama konokono. Na pale mbele yangu walikaa walimu kumi na wanne, watu ambao kazi yao ni kusahihisha.

Ningesema siwezi. Nilishika kalamu.

Mwalimu Tweve alisimama wa kwanza. "Bwana Mhagama, mashine yako ni nzuri, sisemi. Ina shida moja. Inauliza mmeelewa. Mtoto wa huku ukimuuliza ameelewa, anasema ndiyo. Hata umuulize kwa Kichina, atasema ndiyo. Si mwongo. Amefundishwa nyumbani kwamba ukimwambia mkubwa sijaelewa, umemwambia hajui kueleza. Sisi tunajua hiyo ndiyo haina kitu ndani. Ndiyo maana hatuisikilizi. Tunatazama nani anachungulia kwa mwenzake, nani kalamu yake imesimama, nani ghafla anataka kwenda chooni."

Walimu walicheka, mmoja akapiga meza. Mimi nilikuwa nimeandika *Mwl. Tweve anasema watoto*, na hapo nimekwama.

"Kwa hiyo tunaomba mambo mawili," akaendelea. "Isisonge mbele mpaka mwalimu aseme. Na mwalimu aruhusiwe kusema wakati wowote, hata katikati ya somo. La sivyo itafika mwisho wa kitabu peke yake, watoto wote wamebaki ukurasa wa kwanza."

Akanigeukia. "Fundi, naenda haraka?"

Ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Nilihisi masikio yamepata moto.

"Hapana, mwalimu," nikasema. "Nimepata yote."

Walisimama wengine watano baada yake. Wote walisema yaleyale kwa namna zao, na kwa wote niliinamisha kichwa na kuchezesha kalamu.

Kwenye gari wakati wa kurudi Mhagama aliomba karatasi. Akaitazama juu, akaigeuza chini, akacheka, tena kwa upole.

"Mzee wangu, hii hata daktari haisomi. Wanaitaka makao makuu kabla ofisi hazijafungwa. Hebu andika sentensi moja, safi." Akanisomea neno moja moja, akinisubiri. Niliandika vizuri. Sijawahi kuandika vizuri vile. *Walimu wote wameridhia.* Kisha akachukua karatasi ya mahudhurio, akakunja sehemu ya juu yenye kichwa cha habari, akaibana nyuma ya ile yangu.

"Lakini hii si ni ya mahudhurio?" nikamuuliza.

"Kwani hawakuhudhuria?"

Nikatazama nje dirishani.

*

Jumanne mchana, siku moja kabla ya kikao, Mhagama alikuja nyumbani kwangu. Nilikuwa nje nanoa randa. Binti yangu Aneth alikuwa kivulini anafanya kazi za shule. Ana miaka kumi na mmoja. Alipokuwa na sita aliugua homa ya uti wa mgongo. Ilimwacha hai ikaondoka na masikio yake. Anasema vizuri, sauti imekuwa nzito kidogo, na midomo anaisoma mradi usimame mbele yake na usiwe na haraka.

Kabla ya Msikizi, Aneth alikaa darasa la kwanza miaka mitatu. Mwalimu wake alikuwa anasema huku amegeukia ubao. Nilikwenda kumwomba awe anamtazama mtoto. Akaniambia ana watoto tisini, nimpeleke shule ya viziwi. Shule ya viziwi iko safari ya siku mbili, na nafasi hakuna. Kwa ajili ya Aneth peke yake Mhagama alikubali mashine iingie darasa la kwanza na kumfuata akipanda, ingawa kwingine huanzia la nne. Siku nilipofunga Msikizi pale, kila lililosemwa lilianza kutokea kwa maandishi kwenye kioo cha dawati lake. Siku hiyo alirudi nyumbani anakimbia. Hasemi ndiyo pamoja na wenzake kwa sababu hasikii wanapoitika. Anasoma swali kwenye kioo, akiwa hajaelewa anaandika sijaelewa, na Msikizi anarudia. Nadhani katika wilaya nzima ndiye mtoto peke yake ambaye ile mashine ilimfundisha kweli.

Mhagama alimpungia mkono, kisha akachuchumaa karibu yangu, mgongo ameupa upande wa Aneth. Anajua kwamba anasoma midomo.

"Kesho watakuuliza maswali mawili. Mwandiko ni wako? Ndiyo. Uliandika siku ya kikao? Ndiyo. Unarudi kwako."

"Na wakiniuliza kama walimu waliridhia?"

"Kwa nini wakuulize? Imeandikwa." Akaokota takataka za mbao, akazipeperusha vidoleni. "Fundi, nisikilize. Mkataba una kifungu. Bila ridhaa ya walimu hakuna Msikizi. Karatasi hiyo ikianguka, shule sitini na moja zinazimwa siku hiyohiyo. Wala si kesho yake. Nazo zimeshapunguza walimu, unalijua hilo. Watoto hamsini, mtu mmoja na chaki." Akageuka kidogo kumtazama Aneth. "Na huyu naye arudi kusoma mgongo wa mtu."

"Na Mwalimu Tweve?"

"Mama yule amebakiza miaka miwili astaafu. Watampa adhabu ndogo."

"Uliniambia ni mahakama."

"Nilisema inawezekana."

Alipoondoka Aneth aliinua kichwa. "Amesema nini huyo?"

"Ya kazi," nikamwambia.

"Mbona amenipa mgongo?"

*

Tume ilikaa katika ukumbi uleule wa kata. Mwenyekiti alikuwa Bi. Mgaya, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, na pembeni yake karani kijana mwenye daftari, kwa sababu sheria inakataza mashine kurekodi kikao kinachohusu mashine. Mwalimu Tweve alikaa peke yake kwenye benchi la mbele. Mama yake Ditriki alikaa karibu na mlango, amejifunika khanga mbili, hamtazami mtu yeyote.

Walisoma vizuizi vyote, mia na kumi na viwili, tarehe na saa. Ilichukua muda mrefu. Kila walipofika kwenye jina la Ditriki yule mama alisogeza miguu.

Kisha nikaitwa.

"Huu mwandiko ni wako?" Bi. Mgaya aliuliza.

"Ni wangu."

"Uliandika siku ya kikao cha walimu?"

"Ndiyo."

Mhagama, aliyekaa dirishani, alifunga mkoba wake. Bi. Mgaya alinyanyua karatasi ili airudishe kwenye jalada. Nilitakiwa kurudi kukaa. Nilimtazama Mwalimu Tweve nikidhani nitakuta ananitazama kwa hasira, au ananiomba. Alikuwa anatazama mkono wangu wa kulia. Niliushusha nikaona nimeshika hewa, vidole vimekunjwa kama vimeshika kalamu. Nadhani hapo ndipo alipofahamu. Miaka thelathini na minne, lazima alishaviona vidole vya namna hiyo.

"Mheshimiwa," nikasema, "nimeandika mimi, lakini si kweli."

Bi. Mgaya alivua miwani. "Si kweli nini?"

"Hawakuridhia. Zile sahihi ni za mahudhurio, karatasi imekunjwa kwa juu, ikunjueni mtaona. Na hoja zao sikuziandika kwa sababu siwezi kuandika mtu akisema. Mwalimu aliniuliza kama naenda naye. Nikamwambia nimepata yote."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akaacha. Karani aliikunjua ile karatasi. Nilisikia kizibo cha soda kikifunguliwa kwenye kantini.

"Bwana Chaula," Bi. Mgaya alisema, "unafahamu kwamba umekiri kosa la jinai?"

"Nafahamu."

"Na hizo hoja zilizosemwa, zimepotea?"

"Hapana. Ninazo."

Mtu asiyeweza kuandika hujifunza kubeba vitu kichwani. Niliyasema yote ya Mwalimu Tweve, tangu mashine yako ni nzuri, sisemi, mpaka watoto wote wamebaki ukurasa wa kwanza. Nilisema na ya wale wengine watano, nani alisema nini na alikaa wapi. Karani alikuwa anaandika na mimi nilikuwa namsubiri, sentensi kwa sentensi, mpaka ainue kichwa. Nilipofika pale kwenye ndiyo isiyo na kitu ndani, mama yake Ditriki alisimama akatoka. Hakuupiga mlango. Aliurudisha taratibu, kama mtu anayemwacha mgonjwa amelala.

Mwalimu Tweve hakulia wala hakunishukuru. Tulipopishana kwenye ngazi alisema, "Miaka minne, fundi."

"Ndiyo, mwalimu."

"Ishirini na tisa darasa langu tu. Sijui shule nyingine." Akafunga kitenge, akashuka.

*

Polisi walinipa siku mbili za kupanga mambo ya nyumbani. Amri ya kuzima ilitoka saa sita mchana na ilinitangulia barabarani. Kila shule niliyoipita watoto walikuwa wamejaa uwanjani, wamesimama tu na madaftari kichwani kwa ajili ya manyunyu, wakimsubiri mtu aje awaambie wafanye nini.

Aneth alikuwa kwenye kizingiti cha mlango, sare bado mwilini.

"Dawati langu limezimika," alisema. "Yote yamezimika. Mwalimu amesema ni umeme, lakini taa zinawaka." Akainuka akanivuta mkono. "Twende ukalitengeneze. Wewe si ndiye fundi?"

Nilipiga magoti mbele yake, nikamgeuza uso upande wenye mwanga.

"Halijaharibika," nikamwambia polepole. "Limezimwa. Nimesababisha mimi."

Alinitazama midomo, akasubiri kama kuna kilichobaki.

Nikamweleza. Nilimweleza karatasi, na Ditriki, na lori la watoto ishirini na tisa, na kwamba nitaondoka kwa muda nisioujua na atakaa kwa shangazi yake. Nilimweleza kwa maneno mafupi. Alikuwa anafuata kila neno, kipaji kimekunjana, na mara mbili alinirudisha nyuma nirudie.

"Wale watoto watarudi?" aliuliza.

"Wengine. Ditriki hapana."

"Huyo mwalimu aliwaambia kabla?"

"Aliwaambia."

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulimsikia?"

Ningeweza kusema jambo jingine, nikaweka na mkono mdomoni kidogo, asingejua.

"Nilimsikia vizuri," nikasema. "Neno kwa neno."

Alifikiri. Kisha akauliza swali lake mwenyewe, kwa sauti ya chini ambayo hajui kama ni ya chini. "Sasa kesho nitakaa wapi mimi?"

"Mbele. Karibu na mwalimu. Nitakwenda kumwambia awe anakutazama."

"Uliwahi kumwambia."

"Nitamwambia tena."

"Akigeukia ubao?"

Nilianza kumjibu. Sijui ningesema nini, lakini nilianza, kwa sababu mzazi hawezi kumwangalia mtoto hivi hivi akanyamaza. Aneth aliona midomo yangu inaanza, akafumba macho. Hajawahi kunifanyia hivyo. Aliyafumba kwa nguvu, mpaka kope zikakunjamana, ili lolote nitakalolisema lisimfikie.

Nikafunga mdomo. Nilibaki palepale nimepiga magoti kwenye matope, uso wangu mbele ya uso wake, nikisubiri afumbue.